Mjane wa Sarehole na Mwanawe

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Katika parokia zetu makaburi hufyekwa, misalaba hupakwa chokaa upya, na majina ya wale waliotutangulia husomwa wakati wa Misa. Basi juma hili tumependa kuwaongoza wasomaji wetu hata kwenye kaburi moja lililo mbali sana nasi, katika mji mdogo wa Bromsgrove, nchi ya Uingereza, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amelala mjane mmoja, Mabel Tolkien, aliyefariki tarehe 14 Novemba 1904, naye alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Hakuandika kitabu, hakujenga shule, wala hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha wana wawili, mmoja wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 10. Huyo mkubwa ndiye John Ronald Reuel Tolkien, ambaye hadithi zake zimesomwa na mamilioni ya watu duniani kote, na vijana wetu wengi wamezitazama katika sinema pasipo kujua kwamba aliyezitunga alikuwa Mkatoliki.

Tumewahi kuulizwa na wazazi kama inafaa mtoto wa Kikristo asome hadithi za majoka, mazimwi na pete zenye nguvu mbaya. Swali hilo si la kudharau. Lakini sisi wenyewe tulilelewa na bibi waliotusimulia habari za zimwi jioni kando ya moto, kisha bibi wale wale wakatufundisha kupiga ishara ya Msalaba kabla ya kulala, wala hatukumbuki kwamba mambo hayo mawili yaligombana vichwani mwetu. Kwa hiyo hatutajibu kwa hoja. Tutapita tu katika mahali alipopita mtu huyu, mmoja baada ya mwingine, na msomaji atajionea mwenyewe hadithi zile zilitoka wapi.

Safari inaanzia barani mwetu. Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, uliokuwa makao makuu ya jamhuri ya Makaburu iliyoitwa Orange Free State, na ambao leo umo katika nchi ya Afrika Kusini. Baba yake, Arthur Tolkien, alikuwa amekwenda huko kufanya kazi ya benki, na Mabel alimfuata mwaka 1891 wakafunga ndoa mjini Cape Town. Walikuwa Waanglikana, na mtoto alibatizwa katika kanisa kuu la Kianglikana la mji ule. Nchi ilikuwa tambarare kavu, yenye vumbi na jua kali. Arthur alipanda miti bustanini ili familia ipate kivuli. Inasimuliwa kwamba siku moja mtumishi wa nyumbani, Mwafrika, alimchukua yule mtoto mchanga pasipo kuomba ruhusa, akaenda naye kwao kuwaonyesha ndugu zake mtoto wa Kizungu alivyo, akamrudisha kesho yake salama. Nyumba nzima ilifadhaika. Hata hivyo hakufukuzwa kazini, naye mwanawe mwenyewe alipozaliwa akamtia jina la Tolkien pamoja na majina mengine. Twapenda kulitaja jambo hili dogo, kwa sababu ni la utu katika nchi ambayo baadaye iliandika ubaguzi katika sheria zake. Tolkien mwenyewe hakusahau alikozaliwa. Mwaka 1959, alipokuwa akiaga kazi yake ya uprofesa huko Oxford, alisema mbele ya wakubwa wa chuo kwamba yeye mzaliwa wa Afrika Kusini anauchukia utengano huo wa watu hata mifupani mwake.

Afya ya mtoto haikupatana na joto la Bloemfontein. Mwezi wa Aprili 1895 Mabel alipanda meli pamoja na wanawe wawili, Ronald na Hilary, kwenda kupumzika kwa wazazi wake Birmingham. Arthur alibaki kazini, akikusudia kuwafuata. Novemba akashikwa na homa kali ya baridi yabisi. Tarehe 14 Februari 1896, Ronald, aliyekuwa na miaka minne, alimtamkia yaya wake maneno ya barua kwa baba yake, akimweleza kwamba amekuwa mkubwa na kwamba anatamani kumwona. Barua ile haikutiwa posta. Simu ya maandishi ilikuja kwamba Arthur ametokwa na damu nyingi, na tarehe 15 alikuwa amekwisha fariki. Alizikwa Bloemfontein. Mkewe hakupata kuliona kaburi lile.

Mjane huyo alikuwa na mapato ya shilingi 30 kwa juma, zitokazo katika hisa ambazo mumewe aliziweka katika migodi ya Afrika Kusini. Fedha hizo hazikutosha kuishi mjini pamoja na watoto wawili. Ndipo, katika kiangazi cha 1896, alipopanga nyumba ndogo katika kitongoji cha Sarehole, nje ya Birmingham upande wa kusini. Wakati ule Birmingham ulikuwa mji mkubwa wa viwanda, wenye moshi mweusi na kelele za nyundo mchana kutwa. Sarehole haikuwa mbali na moshi ule, lakini ilikuwa kama nchi nyingine. Palikuwa na njia za udongo, mto mdogo, mashamba, konde za maua, bonde lenye miti, na mbele ya nyumba yao, ng'ambo ya uwanda, kinu cha kusaga nafaka kiendeshwacho kwa maji.

Kinu hicho kina historia yake. Mahali pale watu walikuwa wakisaga kwa maji tangu karne nyingi, na katikati ya karne ya 18 Matthew Boulton, mmoja wa waasisi wa viwanda vikubwa vya Uingereza, alipanga pale na kukitumia kinu kwa kazi ya madini kabla hajahamia kwenye kiwanda chake maarufu. Jengo lililopo sasa ni la mwaka 1771 hivi. Wakati wa akina Tolkien kilikuwa na dohani ya injini ya mvuke, na wasagaji wawili, baba na mwanawe. Yule mwana alikuwa akitoka nje amefunikwa na vumbi jeupe toka kichwani hata miguuni, macho makali, akiwapigia kelele watoto wasichezee gurudumu. Ronald na Hilary walimwita Zimwi Jeupe. Mkulima mmoja jirani, aliyemfukuza Ronald kwa kuchuma uyoga shambani mwake, akapewa jina la Zimwi Jeusi. Penye bwawa la kinu palikuwa na mti mkubwa ulioinamia maji, nao watoto walijifunza kuupanda. Siku moja watu wakaukata. Hawakuutumia kwa kitu chochote. Waliuacha umelala pale pale. Mwandishi huyu alikuwa mzee naye bado akauhuzunikia mti ule, na msomaji wa hadithi zake atakuta humo miti inayolia, miti inayokasirika, na wabaya ambao alama yao ya kwanza ni kukata miti pasipo haja.

Waliishi Sarehole miaka minne tu. Yeye aliihesabu miaka hiyo kuwa ndiyo iliyomwumba kupita mingine yote. Nchi ya wale watu wafupi wa hadithi zake, wapendao chakula, bustani na amani, aliiandika kwa mfano wa kijiji cha Kiingereza cha wakati wa Jubilei ya Malkia Victoria ya 1897, yaani kijiji kile kile, mwaka ule ule aliokuwa na miaka mitano. Na mwalimu wake katika kijiji hicho alikuwa mama yake. Hakuweza kulipa ada ya shule, basi aliwafundisha mwenyewe nyumbani: kusoma, kuandika kwa mwandiko mzuri, kuchora, majina ya mimea, Kifaransa, Kijerumani na Kilatini. Ronald alivutwa na maneno si kwa maana yake tu bali kwa sauti yake, kama mtoto mwingine avutwavyo na ngoma. Huyu ndiye atakayekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa lugha za kale katika Uingereza, na shule yake ya kwanza ilikuwa meza ya jikoni ya mjane.

Sasa twafika penye jambo zito la maisha haya. Mwezi wa Juni 1900, Mabel pamoja na dada yake walipokelewa katika Kanisa Katoliki, katika kanisa la Mtakatifu Anna lililo mtaa wa Alcester, Birmingham. Mtaa huo ni wa maskini, na ndipo mwaka 1849 John Henry Newman, ambaye leo Kanisa linamwita Mtakatifu, alipoanza kazi yake katika mji ule ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha pombe kali. Ghadhabu ya jamaa ilikuwa kubwa. Baba yake Mabel alikasirika sana. Upande wa Tolkien, ambao wengi wao walikuwa Wabaptisti, ulichukizwa. Mume wa dada yake, mtu wa heshima katika kanisa la Kianglikana, alimkataza mkewe asikanyage tena kanisa Katoliki, naye mke akatii. Bwana huyo alikuwa akimsaidia Mabel fedha kidogo tangu afiwe. Akaukata msaada ule. Twaongeza kwa haki kwamba si wote waliofunga mikono, kwa maana ndugu mmoja wa upande wa Tolkien ndiye aliyemlipia Ronald ada ya paundi 12 kwa mwaka alipoingia shule kubwa ya King Edward mjini mwaka huo huo.

Hapa msomaji mwenye watoto anaweza kutuuliza: je, mama huyu alikuwa na haki ya kuwatia wanawe katika ufukara kwa sababu ya dini aliyoichagua yeye? Swali hili hatulitupi. Katika parokia zetu wazee wapo wanaokumbuka jinsi mtu alivyofukuzwa nyumbani kwa kujiandikisha katika ukatekumeni, na wako bado wake na waume wanaopata taabu hiyo leo. Sisi twaona kwamba Mabel hakuwanyang'anya watoto wake chochote. Waliokata msaada ndio waliokata. Yeye alikuwa amepata kitu alichokiona kuwa cha kweli, na mzazi aliyepata kitu cha kweli akawaficha watoto wake ili wasipungukiwe mkate, huyo nasi tungemwuliza maswali mengine. Lakini hatusemi kwamba gharama ilikuwa ndogo. Ilikuwa kubwa, na tutaona namna ilivyolipwa.

Shule ilikuwa mbali na Sarehole, yapata maili nne. Tramu haikufika huko, na nauli ya gari la moshi haikuwapo, hivyo mtoto alikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Iliwapasa kuhama. Wakahamia nyumba moja ya mji, kisha nyingine karibu na stesheni ya Kings Heath. Nyumba ile ya pili ilikuwa ya kelele na vumbi la makaa ya mawe, na mtoto aliyezoea konde na mto aliichukia. Hata hivyo, nyuma ya nyumba yalipita mabehewa ya makaa yatokayo Wales, na ubavuni mwake yaliandikwa majina ya mahali pa huko, majina marefu ya ajabu kama Nantyglo, Senghenydd na Penrhiwceiber. Hakuweza kuyatamka, lakini aliyapenda. Kutoka katika mabehewa yale machafu alianza kuitamani lugha ya Kiwelisi, na miaka mingi baadaye aliichukua sauti ya lugha hiyo akaitia katika mojawapo ya lugha alizozibuni kwa ajili ya hadithi zake.

Mabel hakuridhika na nyumba ile wala na kanisa lililokuwa karibu nayo. Alikuwa akitafuta mahali ambapo wanawe watakulia katika imani. Mwaka 1902 alipapata. Ni nyumba ya mapadre wa Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri, katika mtaa wa Edgbaston, nyumba iliyoanzishwa na Newman, ambamo yeye mwenyewe aliishi hata kufa kwake mwaka 1890. Mapadre waliomjua Newman walikuwa bado hai. Mmoja wao aliitwa Padre Francis Morgan, mtu mwenye asili ya Wales na ya Hispania, mwenye sauti kubwa, mcheshi, ambaye watoto walimcheka kwanza kisha wakampenda. Alikuwa akiwatembelea katika nyumba yao ya kupanga katika barabara ya Oliver, akakaa nao kama mtu wa jamaa. Sisi tulio mapadre twaijua thamani ya kazi hiyo ndogo, kubisha hodi na kukaa kitini, kazi isiyoandikwa katika daftari lolote la parokia. Siku ya Noeli ya 1903 Ronald alipokea Komunyo ya kwanza.

Miezi minne baadaye mama yake alilazwa hospitali. Ulikuwa ugonjwa wa kisukari. Dawa ya insulini iligunduliwa mwaka 1921, na kabla ya hapo wagonjwa wa namna yake walikuwa hawana tumaini kubwa. Alipopata nafuu kidogo, Padre Francis aliwatafutia vyumba katika nyumba ya mpeleka barua huko Rednal, chini ya vilima vya Lickey, kando ya nyumba ya mapumziko ya mapadre wa Oratorio. Newman alikuwa amezikwa hapo hapo. Kiangazi kile cha 1904 kilikuwa kama Sarehole imerudi tena. Watoto walipanda miti, walirusha tiara, walichuma matunda ya porini, wakahudhuria Misa katika kikanisa cha mapadre. Padre Francis alikuja mara kwa mara, akakaa barazani akivuta kiko. Vuli ilipofika hawakurudi mjini. Ronald alikuwa akitembea hadi stesheni asubuhi kwenda shule, na jioni giza liliingia kabla hajafika, Hilary akamngojea njiani na taa. Wote wawili hawakujua kwamba mama yao alikuwa akizidiwa. Mwanzoni mwa Novemba alianguka na kupoteza fahamu, na siku sita baadaye akafa, Padre Francis na dada yake wakiwa kando ya kitanda. Huyo ndiye yule dada aliyekatazwa kuingia kanisani.

Tolkien aliamini maisha yake yote kwamba mama yake alikuwa shahidi wa dini. Aliona kwamba ufukara na kutupwa na jamaa vilimharakishia kifo. Mganga angesema kwamba ni kisukari kilichomwua, naye angekuwa amesema kweli. Nalo neno shahidi ni neno ambalo Kanisa huwa na njia yake ya kulitamka, nasi hatutalitamka mahali pake. Twaandika tu kwamba mwana aliyeshuhudia mambo hayo kwa macho yake hakupata neno jingine.

Mabel alikuwa ametambua kwamba jamaa wangeweza kuwachukua watoto na kuwarudisha katika Uprotestanti. Kwa hiyo katika wasia wake alimtaja Padre Francis kuwa mlezi wao. Hofu yake haikuwa bure, kwa kuwa palikuwa na maneno ya kuupinga wasia na kuwapeleka watoto katika shule ya bweni ya Kiprotestanti. Urithi wote ulikuwa paundi 800. Padre aliongeza kutoka mfukoni mwake, katika fungu lake la mali ya jamaa yake waliofanya biashara ya mvinyo huko Hispania, wala hakuwaambia watoto. Akawaweka kwa shangazi mmoja mjane, ambaye ukoo haukuwa na la kusema dhidi yake, katika barabara ya Stirling. Shangazi huyo hakuwa mbaya, bali hakuwa na upendo wa kuwapa. Siku moja Ronald aliingia jikoni akaona majivu mekoni, akaambiwa kwamba ni barua na karatasi za mama yake. Shangazi hakudhani kwamba mtoto angezitaka.

Kutoka dirishani mwao walitazama mapaa ya nyumba na dohani za viwanda. Karibu na hapo ipo minara miwili, mmoja uliojengwa mwaka 1758 na bwana mmoja tajiri, mrefu futi 96, usio na kazi yoyote ya maana, na mwingine wa idara ya maji. Wenyeji hupenda kuwaambia wageni kwamba hiyo ndiyo minara miwili inayotajwa katika kitabu cha Tolkien. Sisi hatulitilii mkazo jambo hilo. Mtoto wa Birmingham hakukosa minara ya kutazama. Twatilia mkazo njia waliyopita kila asubuhi, maana wavulana hao waliamka mapema, wakaenda Oratorio kumtumikia Padre Francis katika Misa, wakanywa chai katika chumba cha kulia cha mapadre, kisha wakaenda shule. Nyumba yao ya kweli ilikuwa hiyo.

Padre Francis alifanya pia jambo ambalo watu wengine wamemlaumu. Mwaka 1908 aliwahamishia vijana katika nyumba nyingine ya kupanga, barabara ya Duchess. Humo alikuwamo binti yatima aitwaye Edith Bratt, wa miaka 19, mpiga piano. Ronald alikuwa na miaka 16. Walipendana, na masomo ya kijana yakaanza kulegea. Mlezi alipopata habari alimkataza asionane naye wala kumwandikia hata atakapotimiza miaka 21. Kijana aliumia, lakini alitii kwa miaka mitatu, kwa sababu padre huyo alikuwa kwake badala ya baba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 1913, alipotimiza umri ule, aliketi akaandika barua. Edith alikuwa amekwisha chumbiwa na mwingine, akaurudisha uchumba. Je, padre alikosea? Huenda alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Lakini pasipo ukali ule kijana hangeshinda mtihani wa kuingia Oxford, na upendo uliongoja miaka mitatu ukadumu zaidi ya miaka 50.

Hapa pia palikuwa na gharama, na safari hii aliyelipa hakuwa Ronald. Alimsihi Edith aingie Kanisa Katoliki, tena upesi, akimkumbusha habari za mama yake. Edith alikuwa mtu wa kazi katika kanisa lake la Kianglikana, na mwenye nyumba aliyemkaribisha aliwachukia Wakatoliki. Alipomwambia, akaamriwa kuondoka. Alipokelewa Kanisani tarehe 8 Januari 1914 katika mji wa Warwick, wakafunga ndoa hapo tarehe 22 Machi 1916. Lakini imani aliyoingia kwa kusukumwa ilimwia nzito kwa miaka mingi, hasa Kitubio, na nyumba yao ilionja uchungu kwa sababu hiyo. Twaandika hili kwa ajili ya vijana wanaochumbiana na mtu wa dhehebu lingine. Mabel alichagua mwenyewe, Edith alichaguliwa.

Habari za vita tutazipita upesi. Juni 1916 alipelekwa Ufaransa akiwa ofisa wa mawasiliano, akaingia katika mapigano ya mto Somme, akaugua homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza Novemba. Kati ya rafiki zake watatu wa ndani wa shule ya King Edward, wawili waliuawa mwaka ule ule. Katika kitanda cha wagonjwa alianza kuandika hadithi za ulimwengu aliouwazia. Mwaka 1917, katika kichaka kimoja cha Yorkshire chenye maua meupe, Edith alimchezea na kumwimbia, naye akalitoa hapo pendo la Beren na Lúthien, hadithi aliyoithamini kuliko zote. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Novemba ile, alipewa jina la Francis kwa heshima ya yule padre.

Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Leeds tangu 1920 hata 1925, kisha Oxford hata 1959. Mtu angedhani kwamba mwana wa mama wa namna ile hakuteleza. Aliteleza. Katika uzee wake alimwandikia mmoja wa wanawe kwamba katika miaka ya Leeds na ya nyumba yake ya Oxford, ile ya namba 22 barabara ya Northmoor, alikuwa karibu kuacha kabisa kuishika dini, na kwamba alijuta, kwa kuwa watoto wake walilelewa vibaya kwa sababu hiyo. Hakusema kwamba alirudishwa na kitabu au na hotuba. Alisema kwamba ni Tabernakulo, ambayo haikuacha kumwita kimyakimya, na njaa aliyoisikia. Sisi tulipoisoma barua ile tulimkumbuka mtoto wa Edgbaston aliyetumikia Misa kabla ya chai.

Mwaka 1930 walihamia nyumba ya jirani, namba 20, nyumba kubwa kidogo yenye chumba cha vitabu. Humo, usiku, baada ya kusahihisha mitihani, aliandika The Hobbit, kilichotolewa mwaka 1937, na sehemu kubwa ya The Lord of the Rings, kilichotolewa 1954 na 1955. Jina la Mungu halitajwi humo kama katika katekisimu. Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba wale wasafiri wanaondoka kwenda kuiharibu pete mbaya siku ya 25 Desemba, na pete inaangamia siku ya 25 Machi, ambayo kwetu ni sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Ataona pia kwamba mchukuzi wa pete hashindi kwa nguvu zake. Mwisho wa njia anashindwa, na anaokolewa kwa sababu zamani alimhurumia adui mnyonge. Nyumba ya yule shujaa mdogo aliiita Bag End, na hilo ni jina la shamba halisi la shangazi yake mmoja katika jimbo la Worcestershire.

Edith alifariki mwaka 1971, na mumewe tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81. Wamezikwa kaburi moja huko Wolvercote, kaskazini ya Oxford, katika sehemu ya Wakatoliki. Padre Francis alikwisha tangulia tangu 1935.

Tumebakiwa na kinu. Mji wa Birmingham ulikwisha kuimeza Sarehole mwaka 1911, na kinu kikaacha kusaga kwa biashara mwaka 1919. Mwaka 1933 Tolkien alipita huko na watoto wake akaona nyumba za matofali, lami, na taa za barabarani mahali pa konde zake. Kinu kilikuwa bado kimesimama, kikichakaa. Baadaye palikuwa na hatari ya kubomolewa, lakini wakazi wa mtaa ule walikataa, wakachanga fedha, na mwaka 1969 kilifunguliwa tena kuwa nyumba ya makumbusho. Miongoni mwa waliotoa mchango wao alikuwamo profesa mmoja mstaafu, ambaye alipokuwa mtoto alikuwa akipiga mbio kando ya bwawa lile akimkimbia Zimwi Jeupe.